Zimwi Lililokula Fenesi Bila Mafuta

Sogeeni, jamani, na asiye na masikio akaazime!

Palikuwa na zimwi. Lilimnyakua Mize, binti wa Bi Kidawa, likamtia kapuni, kisha likaja kumtambia mama mtu: “Huyu ndiye chakula changu cha jioni!”

Bi Kidawa alikuwa chini ya mfenesi wake, anajipaka mafuta mikononi ili apasue fenesi bivu. Moyo ulimdunda, lakini akatabasamu.

“Baba, jioni bado. Karibu fenesi kwanza.”

Zimwi na pupa yake! Halikungoja mafuta, likalipasua kwa kucha. Likala kipande cha kwanza, utomvu ukagandisha vidole. Likala cha pili, vidole vikanasa ndevuni. Likala cha tatu, meno yakagandana na meno.

“Mmmm!” likaguna.

“Unasemaje, baba? Nikuongeze?”

Mize akachomoka kapuni, akamrukia mama yake. Walilia, wakacheka, wakala fenesi lililobaki, na kokwa wakazichemsha.

Zimwi lingali linazunguka, linatafuta wa kulipaka mafuta. Likibisha kwenu, liambieni yamekwisha.