Biskuti za Mbwa wa Mzee Chui

Hapo zamani za kale, enzi zile wanyama walipokuwa na majiko, vitanda na milango ya kufunga kwa komeo, alikuwako mjane mmoja, Bi Kindi. Alikuwa na watoto wanne na shamba la karanga. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini mikono yake haikujua kukaa.

Mwaka huo karanga zilistawi vizuri. Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, jirani yao Mzee Chui akapita nyumba hadi nyumba.

"Ghala langu halivuji," akasema. "Leteni karanga zenu nizitunze. Mkizihitaji, kila mtu atakuja kuchukua zake."

Bi Kindi ndiye aliyetangulia kupeleka. Magunia matatu! Majirani walipomwona ametangulia, nao wakapeleka: Mama Kanga, Panya na mkewe, na wengine wa bonde lile.

Mvua ikanyesha wiki nzima. Ilipopumzika, Bi Kindi akachukua kikapu, akaenda kubisha.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Nani?"

"Ni mimi, Bi Kindi. Shikamoo, Mzee. Nimefuata karanga zangu."

Chui akatoa kichwa mlangoni. "Karanga gani?"

"Yale magunia matatu, Mzee."

"Mimi sijui magunia yako. Ghala ni langu, na kilichomo ndani ni changu. Ukitaka kuingia, waombe ruhusa wale pale."

Akanyoosha kidole. Mbele ya mlango wa ghala walilala mbwa wawili. Wa kwanza alikuwa Kishindo, kijana mwenye kifua kipana na sauti ya kutikisa vyungu. Wa pili alikuwa mzee, jina lake Kibogoyo, kwa kuwa mdomoni mwake yalibaki meno mawili tu, nayo hayakutazamana.

"Bwe! Bwe! Bwe!" Kishindo akaruka.

Bi Kindi alitupa kikapu, mbio, puu! Akajikuta juu ya mkwaju uliokuwa nje ya ua, matawi yake yameinamia mlango wa ghala.

Akiwa njiani kurudi nyumbani, akakutana na Mama Kanga.

"Umezipata?"

"Amesema hazijui."

"Yaani! Si wewe uliyetangulia? Sisi tulifuata mkia wako, Bi Kindi. Mkia wako!"

Bi Kindi akashika njia. Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Nyumbani mlikuwa na bakuli moja la karanga, unga wa mtama kibaba kimoja, dagaa wachache na kipande cha boga. Ukivipika vyote, watoto watakula siku mbili, kisha basi. Alikaa akavitazama. Halafu akakumbuka alichokiona mara nyingi akiwa juu ya mkwaju: Chui akimaliza kula, huwatupia mbwa mifupa aliyokwisha kuifyonza, mikavu kama vijiti.

Akainuka. Akazitwanga karanga, twa! twa! twa! Akachanganya na unga, akakandia kwa maji ya dagaa. Hakuweka chumvi, wala kitunguu, maana kitunguu humdhuru mbwa. Akasukuma donge, akakata vipande vidogo vya mviringo, akavipanga ndani ya sufuria, akafunika, akaweka makaa chini na makaa juu ya mfuniko.

Watoto wakasogea. "Mama, unatupikia nini?"

"Nawapikia mbwa."

Walidhani hawakusikia. "Nani?"

"Mbwa wa Mzee Chui. Nyinyi kombeni kinu, kisha mkarambe ukwaju."

Upepo ukavuma, makaa yakashika moto kuliko alivyotaka. Alipofunua sufuria, nusu ya biskuti zilikuwa nyeusi tii. Bi Kindi alikaribia kulia. Akachukua kisu, akakwangua moja moja hadi weusi ukatoka.

Mama Kanga alikuwa amenyoosha shingo uani. "Kek-kek-kek! Njaa imempanda kichwani! Watoto wanakula harufu, mbwa wanakula biskuti!"

Kesho yake mchana Bi Kindi akapanda mkwaju na kijifuko chake. Chui alikuwa amelala, kwa kuwa yeye huwinda alfajiri na mchana wote ni wa usingizi. Bi Kindi akatikisa tawi.

"Bwe! Bwe!" Kishindo akabweka.

Chui akatoka akikimbia. "Yuko wapi? Nani?" Akazunguka ghala, akachungulia nyuma ya ua. Hakuona mtu. Akarudi ndani.

Hapo Bi Kindi akadondosha biskuti. Tap!

Kishindo akainusa. Akailamba. Kachu! Kachu! Ikaisha. Akatazama juu, masikio yamesimama.

Bi Kindi akanyamaza. Kishindo naye akanyamaza. Hakuna kilichodondoka. Akasubiri, akasubiri, mwishowe akajaribu: "Bwe?"

Tap! Biskuti nyingine.

"Aa!" Kishindo akajisemea. "Kumbe ndiyo dawa yake!" Na dawa akaitumia mchana kutwa.

Kibogoyo naye alipata biskuti moja. Akaisukuma kwa ulimi upande huu, akaisukuma upande ule, akaitema. Akalala tena, macho yake yakimtazama Bi Kindi bila kupepesa. Bi Kindi alijua ameonekana. Mkia wake ukamsisimka. Lakini yule mzee hakusema neno.

Jioni akachemsha lile boga, akaliponda, akalichanganya na unga, akaoka biskuti laini kama mkate wa maji. Siku ya pili akashuka hadi tawi la chini kabisa, akamwekea Kibogoyo mbele ya pua.

Kibogoyo akala polepole. Alipomaliza akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi ni mbwa mzee, si mbwa mjinga. Unamfundisha huyu kijana kubweka ovyo."

"Ndiyo, mzee wangu," akasema Bi Kindi. Hakuona faida ya kudanganya.

"Unazitaka karanga zako."

"Zangu na za wenzangu. Utamwambia bwana wako?"

"Hajaniuliza." Kibogoyo akaramba makombo. "Miaka saba nipo hapa, hajaniuliza hata kama nina meno. Lakini sikia. Mimi ni mlinzi. Nikiambiwa bweka, nitabweka, hata kama ni wewe. Nikiambiwa nyamaza, nitanyamaza. Usiniombe niivunje amri ya bwana wangu."

"Siwezi kukuomba hivyo, mzee wangu," akajibu Bi Kindi. Akapanda juu, akawaza maneno yale njia nzima.

Siku ya tatu Kishindo hakungoja tena matawi kutikisika. Alimbwekea kipepeo. Akambwekea kivuli chake. Akabwekea nguo za Chui zilizoanikwa. Chui alipotoka kwenda msalani, akambwekea Chui mwenyewe, "Bwe! Bwe! Bwe!", kisha akatazama juu kuona kama kuna kitu kinakuja.

"Wewe! Una wazimu?" Chui akanguruma.

Kila mara Chui alipofumba macho, kelele. Kila alipotoka, hakuna mtu. Alfajiri akaenda kuwinda akiwa amechoka, akamrukia swala, akaangukia kichaka cha miiba. Akarudi na njaa na usingizi, na hakupata dawa ya chochote kati ya hivyo.

Kwa Bi Kindi nako hali haikuwa nzuri. Unga ulikwisha. Watoto walikuwa wameramba ukwaju hadi meno yakafa ganzi, na yule mdogo hakuinuka tena kucheza. Kwenye kijifuko zilibaki biskuti tano. Bi Kindi akazitazama zile tano. "Ikishindikana leo," akawaza, "nimewaua wanangu kwa ajili ya mbwa."

Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda mlangoni kwa Chui mchana kweupe.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Chui."

"Marahaba," akasema Chui. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ukitaja karanga, nakutafuna."

"Sikuja kwa karanga, Mzee. Nimetumwa na majirani. Mbwa wako wanatuumiza. Watoto hawalali, wagonjwa hawalali. Tunaomba uwanyamazishe, tafadhali."

"Niwanyamazishe! Je, mwizi akija?"

Bi Kindi akacheka, akajifunika mdomo kwa adabu. "Mwizi? Kwako? Mzee wangu, nani katika bonde hili mwenye moyo wa kumwibia Chui? Wenye nyumba dhaifu ndio wanaohitaji mbwa wa kupiga kelele. Wewe jina lako peke yake linalinda. Huko nje wameanza kuulizana, 'Mbona mbwa wake wanabweka kila saa? Mzee siku hizi anaogopa nini?'"

"Nani kasema ninaogopa?"

"Watu, Mzee. Si mimi."

Chui akavimba kifua. Akatoka na fimbo, akasimama uani, akapaza sauti makusudi ili majirani wote wasikie.

"Kishindo! Kibogoyo! Kuanzia sasa hivi, sitaki kusikia sauti ya mbwa hapa! Aje mwizi, aje nani, nyumba iwake moto, kimya! Atakayefungua mdomo namchuna ngozi naitandika kitandani! Mmenielewa?"

Kishindo akafyata mkia. Kibogoyo akainamisha kichwa taratibu. "Tumekuelewa, bwana."

"Ahsante, Mzee," akasema Bi Kindi. "Lala salama."

Chui akaingia ndani, akajitupa kitandani. Haikupita muda, "Khorrr! Khorrr!" Usingizi wa siku nne ulimwangukia kwa mpigo mmoja.

Bi Kindi alishapiga mbio kwa majirani. "Leteni vikapu! Sasa hivi!"

"Na mbwa?" akauliza Mama Kanga.

"Hukusikia amri?"

"Nimesikia. Je, mbwa nao wamesikia?"

"Kaa hapa basi ungoje. Safari hii sikulazimishi kufuata mkia wangu."

Mama Kanga akasitasita, kisha akachukua kikapu.

Panya na mkewe wakaitafuna kamba ya mlango wa ghala, kru-kru-kru, mpaka ikakatika. Mlango ukafunguka. Magunia yote yalikuwemo! Wakajipanga mstari, kikapu kinatoka kimejaa, kikapu kinaingia kitupu, wakipita mbele ya pua za walinzi wawili. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Kishindo alikuwa na taabu. Alimwona Bi Kindi, na kwake Bi Kindi na biskuti vilikuwa kitu kimoja. Udenda ukamtiririka. Kifua kikajaa pumzi. Mdomo ukaanza kufunguka...

Bi Kindi akaganda na kikapu chake.

Kibogoyo akamwekea kijana mguu mgongoni. Hakusema kitu, amri ilikuwa hata kwake. Akamtazama tu, kisha akakitazama kitanda cha Chui kilichoonekana dirishani. Kishindo akameza mate, gluk, akafumba mdomo. Bi Kindi akamwekea biskuti mbili miguuni. Kwa mara ya kwanza mbwa yule akala kwa kunyamaza.

Walikuwa kwenye gunia la mwisho Mama Kanga alipokanyagwa kidole.

"Kek-kek-kek-keeek!"

Khorrr ya Chui ikakatika. Kila mtu akasimama alipokuwa.

"Kishindo!" Chui akafoka kutoka ndani, sauti imejaa usingizi. "Nimesema nini? Neno moja tena nakuja na kisu!" Kitanda kikalia, kwiii. Akageukia ukutani. "Khorrr! Khorrr!"

Hadi alasiri karanga zilikuwa zimegawanywa, kila mtu na zake, zimeingia kwenye mashimo na mapango ya miti ambamo mkono wa Chui haupiti. Nyumbani kwa Bi Kindi moto ulikuwa unawaka, na watoto wanne walikuwa wanakula bila kuzungumza.

Chui aliamka amechangamka. Akajinyoosha, akatoka kuliangalia ghala lake. Mlango wazi. Ndani, vumbi na maganda.

"Mamaaa! Nimeibiwa!" Akawageukia mbwa. "Mlikuwa wapi?"

Kimya.

"Nawauliza nyinyi! Semeni!"

Kimya. Kishindo akafumba mdomo kwa nguvu zaidi, mpaka macho yakamtoka.

"Nawaruhusu! Semeni!"

"Tulikuwa hapa hapa, bwana," akasema Kibogoyo. "Walipita mbele yetu, mmoja mmoja. Tuliwaona wote."

"Mbona hamkubweka?"

"Ulisema aje mwizi, aje nani, kimya. Bonde zima ni shahidi. Kijana alitaka kubweka, nami nikamzuia, kwa sababu ngozi yake ni moja tu."

Chui akainua fimbo. Fimbo ikabaki juu. Nyuma ya ua majirani walikuwa wamesimama wanatazama, wakubwa kwa wadogo, na hakuna aliyekimbia. Kila alilotaka kusema alikwisha kulisema mwenyewe mchana ule, tena kwa sauti kubwa.

Akashusha fimbo.

Kibogoyo akajikongoja kuinuka. "Bwana, niliwekwa kulinda ghala. Ghala halina kitu. Kwaheri." Akatoka kwenye lango, Kishindo nyuma yake, wakafuata harufu ya sufuria iliyokuwa na makaa chini na makaa juu.

Basi, wanangu, anayemfumba mdomo mlinzi wake asimlilie mtu ghala likiwa tupu.