Ndugu wa Fundi Makochi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu akiusikia usemi huu kwa haraka hudhani unahusu kazi nzito, kama kuinua gogo au kusukuma gari lililokwama. Lakini chawa si mzigo. Ni mdudu mdogo kuliko punje ya mtama, na hata hivyo kidole kimoja, kiwe na nguvu namna gani, kitamsukuma tu huku na huku juu ya ngozi. Waliotunga methali hii walikuwa na maana yao. Kuna mambo madogo yanayotukaa mwilini, na tunaona haya kumwita mwenzetu atushikie upande wa pili.

Alikuwapo fundi mmoja wa makochi ambaye duka lake lilikuwa la mwisho katika mstari wa maduka yenye milango ya chuma. Ndani, springi zilining'inia ukutani kama mikungu, sponji zilipangwa hadi darini, na harufu ya gundi ilimpokea mgeni kabla mwenye duka hajamwona. Kwa ajili ya sponji hizo na gundi hiyo, hakuna aliyethubutu kuwasha kiberiti humo. Fundi alivutia sigara zake kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, unaotazama uchochoro. Hapo alikutana na fundi funguo wa duka la jirani, naye mvutaji, na hao wawili walizungumza mpaka sigara ziishe. Tangu fundi afiwe na mkewe, maongezi yake yote ya siku yalikuwa hayo.

Kuvalisha kochi ni kazi ya watu wawili. Mmoja huvuta kitambaa kikakaza, mwingine hupiga pini kwa stepla. Kwa miaka mingi aliyevuta alikuwa mkewe. Alipofariki, fundi hakutafuta msaidizi. Alichukua mkanda mpana wa ngozi akaufunga kiunoni, akafungia koleo mbele yake, akabana ncha ya kitambaa kwa koleo hiyo, kisha akawa anajitupa nyuma kwa uzito wa mwili wake wote huku mkono wa kulia ukipiga pini. Mtaa ukambandika jina la Mkanda, naye akalivaa kama nishani. Kasoro ilikuwa moja. Kitambaa kikiwa cha maua, maua yaliinama kidogo upande wa kushoto. Wateja hawakuona. Yeye aliona, na alijua nani mwingine angeona.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti aliyeolewa mji mwingine, na binti huyo alikuwa na mtoto mchanga mwenye pumu. Fundi alipokwenda kuwatembelea mara ya mwisho, alivuta sigara mbali na nyumba, akanawa mikono, akasukutua. Lakini moshi haunawiki. Ulikuwa umejificha katika koti lake, na mjukuu alipolala kifuani pake alianza kukoroma kwa shida, mbavu zikiingia na kutoka kama mivukuto, mpaka wakamkimbiza kwa daktari. Waliporudi, binti hakupaza sauti. Alikuwa anakunja blanketi la mtoto.

"Baba, sikufukuzi," alisema. "Lakini usije tena mpaka uache."

Fundi alikuwa amekwisha kumwahidi mara kadha wa kadha, na kila ahadi ilikuwa imegeuka moshi. Safari hii hakuahidi kitu. Alijiapiza moyoni kwamba binti yake hatasikia neno mpaka jambo liwe limekwisha.

Alianza kwa ubavu wake. Alitupa pakiti mtaroni asubuhi, na jua halijafika utosini alikuwa uchochoroni akimwomba fundi funguo kipisi. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Mwishowe, kikohozi kilipomzidi, akaenda kliniki. Daktari alikuwa mama mmoja msema taratibu, asiye na haraka ya kulaumu. Alimsikiliza, akampima, akamwandikia vidonge.

Alimweleza kwamba vidonge hivyo havimfungi mtu mkono, ila hupunguza kiu ya tumbaku na kuiondolea sigara utamu wake. Angeanza na dozi ndogo huku bado anavuta, ipande kidogo kidogo, na siku waliyoichagua ikifika aache kabisa. Kila kidonge kimezwe baada ya chakula, kwa glasi nzima ya maji, la sivyo tumbo lingemsumbua. Ndoto zingeweza kuwa kali. Halafu daktari akaweka kalamu chini.

"Kuna watu wachache ambao hubadilika moyo," alisema. "Huzuni, hasira, au mawazo mabaya. Ukijiona si wewe, usimeze kingine, tupigie simu siku hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba mtu hajioni. Unaishi na nani?"

Fundi alitazama kisigino cha kiatu chake. Kusema "peke yangu" mbele ya watu ni kama kuvua shati. "Na ndugu yangu," akajibu.

Nesi, msichana aliyekuwa anapanga mafaili pembeni, akamwomba namba ya huyo ndugu, ili awe anampigia kuulizia hali. Fundi alikuwa na simu mbili, moja yake mwenyewe na moja ya wateja. Akaitaja namba ya simu ya wateja bila kupepesa jicho. Ndugu hakuwa naye, hakuwahi kuwa naye.

Simu ya kwanza ilimkuta amepiga magoti chini ya kochi. Nesi akauliza kama anaongea na ndugu yake fundi. Fundi alisafisha koo, akaizamisha sauti kifuani, akasema ndiye.

"Anaendeleaje?"

"Vizuri sana. Yule ni mtu mgumu, mwanangu. Akiamua ameamua."

"Anameza baada ya kula?"

"Mimi mwenyewe ndiye nampakulia."

Alipokata simu alicheka peke yake mpaka akashika ubavu. Kisha kicheko kikaisha, na duka likabaki vilevile lilivyokuwa.

Siku ya kuacha ilifika, naye akaacha. Dawa ilifanya kama daktari alivyosema, kwani sigara zake za mwisho zilikuwa na ladha ya karatasi iliyoungua, na alipozikosa hakupapatika kama zamani. Jambo ambalo hakulipigia hesabu lilikuwa kizingiti cha mlango wa nyuma. Alikwenda kusimama pale mikono mitupu, na fundi funguo akamtazama juu mpaka chini.

"Naona siku hizi umekuwa mtawa, Mkanda. Sasa tutasimama hapa tunatazamana kama maharusi?"

Wote wawili walicheka, lakini moshi ulipomfikia puani, fundi alilazimika kurudi ndani. Haikupita muda, fundi funguo akahamishia sigara zake kwa kinyozi wa upande wa pili, kwenye mtu wa kuvuta naye. Hakuwa na ubaya wowote. Ila tangu hapo fundi alifungua duka na kulifunga bila mtu kumwambia neno, isipokuwa wateja waliouliza makochi yao yatakuwa tayari lini.

Mtu anayekula peke yake hupoteza hamu ya kupika. Asubuhi alimezea kidonge kwa chai tupu, akatapika uchochoroni, akafuta mdomo, akarudi kazini. Hakumwambia mtu. Usingizi ukajaa ndoto ambamo mkewe alikuwa anavuta kitambaa na kitambaa hakina mwisho. Kisha mchana nao ukaanza kufanana na ndoto. Alikuwa anajifunga mkanda, anabana kitambaa kwa koleo, halafu anasimama tu, asiweze kujitupa nyuma. Nesi alipopiga, yule ndugu aliendelea kusema mambo ni mazuri, sauti ikiwa nzito na imara. Ndugu huyo hakuwahi kuugua.

Asubuhi moja simu ililia fundi akiwa amesimama hivyo mbele ya kochi la maua. Nesi akauliza kama kawaida.

"Sigara haigusi," alisema fundi kwa sauti ya ndugu.

"Hongera zake. Anakula?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Lilishatumika mara nyingi, lilikuwa laini kama sabuni iliyobaki. Lakini lilipofika mdomoni likakataa kutoka.

"Hali chakula," alisema. "Anamezea chai, anatapika."

"Kwa nini hasemi?"

"Hana wa kumwambia."

"Si yuko na wewe, mzee wangu?"

Fundi aliachia kitambaa kwenye koleo. Aliposema tena, sauti ya ndugu ilikuwa imeanza kumvuka kama nguo iliyolegea. "Jana alisimama mbele ya kochi mpaka mchana ukamkuta palepale. Anawaza kwamba asubuhi moja asipoamka, watakaomtafuta ni wenye makochi."

Nesi akasema polepole. "Leo asimeze kidonge kingine. Mlete sasa hivi. Na wewe uje naye."

"Mimi nina kazi, mwanangu. Yeye atakuja."

"Mzee wangu," alisema nesi, "tangu simu ya kwanza, wewe na ndugu yako mnakohoa kikohozi kimoja. Nilidhani atakuja kusema mwenyewe, nikakosea kungoja. Njooni wote wawili. Viti vipo."

Alifika kliniki mkanda bado ukiwa kiunoni, alisahau kuuvua. Na kweli nesi alikuwa ameweka viti viwili mbele ya meza ya daktari. Hakucheka, wala hakumtazama kwa jicho la kumuumbua. Fundi alikaa kwenye kimoja, kingine kikabaki kitupu ubavuni mwake, na katika maisha yake hakuwahi kuona kiti kitupu namna ile, ingawa kazi yake ni viti.

Daktari alimuuliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru. Akajibu hapana, wazo lake liliishia kwenye kutoamka asubuhi, halikwenda mbele ya hapo. Daktari aliamini, lakini hakulipuuza. Alisema huzuni ile huenda imeletwa na dawa, au na mwili unaodai tumbaku yake, au na njaa, au na msiba wa zamani uliopata nafasi ya kukaa. Hakutaka kuhukumu kabla ya kupima. Kwa hiyo vidonge visimame kwanza, ale, apumzike, arudi waonane. Dawa ilikuwa bado ipo, wangeweza kuirudisha kwa dozi ndogo au kujaribu nyingine.

"Lakini sitakuandikia hata kidonge kimoja," alisema, akikigusa kile kiti, "mpaka hapa pakae mtu."

Fundi aliitaja namba ya binti yake. Aliijua kwa moyo. Nesi akabonyeza, akampa simu, akatoka na daktari, wakaurudisha mlango.

Kesho yake binti alishuka kwenye basi akiwa peke yake. Mtoto alimwacha kwa mumewe. Alilikuta duka lina sufuria la uji juu ya meza ya kukatia vitambaa, na baba yake akila kwa utii kama mwanafunzi aliyebakizwa darasani. Alimtazama mashavu yalivyobonyea, akakaa kwenye mkono wa kochi la maua.

"Nilikwambia usije," alisema. "Nilikwambia usiniambie?"

"Nimekuahidi mara nyingi, mwanangu. Nilitaka nije na kazi iliyokwisha."

"Mbona wateja wako wanakuletea makochi yakiwa bado mabovu?"

Fundi alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, na binti akageuka kutazama springi za ukutani mpaka kitulie. Kisha akainuka, akazunguka upande wa pili wa kochi, akashika kitambaa kwa mikono miwili kama alivyomwona mama yake akishika tangu angali mdogo. "Haya," alisema. "Piga."

Fundi aliufungua mkanda, akautundika msumarini. Binti akavuta, yeye akapiga pini. Wakalizunguka kochi lote mpaka mwisho. Walipolisogeza kochi mlangoni kwenye mwanga, maua yalikuwa yamesimama wima.

Haikuwa mteremko baada ya hapo. Moyo wake ulipotulia, daktari alimrudishia vidonge kwa dozi ndogo, kila kimoja baada ya chakula, na kiti cha pili kikawa na mwenyewe. Binti alimpigia kila siku. Hakumuuliza kama amevuta. Alimuuliza amekula nini, kisha akaisikiliza sauti yake inavyojibu, kama fundi anavyogonga fremu kusikia kama kuna ubao uliolegea. Siku ya kumbukumbu ya marehemu mkewe, fundi aliteleza akavuta nusu sigara kwa kinyozi, na kwa mara ya kwanza akamwambia binti bila kuulizwa. Wakaendelea. Hata fundi funguo, baada ya kumchunguza kwa wiki kadhaa, alikuja mlango wa nyuma mikono mifukoni. "Hivi hao manesi wako," aliuliza huku akitazama pembeni, "wanapokea na wasio na ndugu?" Fundi alimwambia ndugu atampata, hayuko mbali, anavalisha makochi.

Simu ya mwisho ya nesi ilimkuta fundi nyumbani kwa binti yake, amekaa bila koti, mjukuu amelala kifuani pake. Vidonge vilikuwa vimekwisha, na sigara ilikuwa imebaki jina. Nesi, kwa sauti yenye tabasamu, akaomba kuongea na ndugu yake fundi.

"Alihama, mwanangu," alinong'ona fundi, asije akamwamsha mtoto. "Lakini binti yangu yupo hapa. Muulize yeye."

Akanyoosha mkono kumpa binti simu, kisha akatega sikio. Pumzi ya mtoto iliingia na kutoka polepole, haikukwaruza popote. Mkanda ulikuwa msumarini dukani, vumbi likianza kuukalia. Fundi mwenyewe asingebisha tena, kwamba kidole kimoja, hata kiwe cha mtu mgumu namna gani, hakivunji chawa.