Kitanda cha Mzee Shekue na Chumba cha Kukodi

Hapo zamani, wala si ile zamani ya fisi kuoa na sungura kuwa mshenga, ni zamani ya majuzi tu, watu wana simu mfukoni na bado hawaulizani, palikuwa na mjane mjini Tanga akiitwa Bi Mwantumu. Sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole, hadithi hii haitaki kelele.

Bi Mwantumu alikuwa mke wa Mzee Shekue, seremala wa Barabara ya Kumi na Nne. Mzee Shekue alitengeneza milango ya watu, makabati ya watu, madawati ya watoto wa watu, na mlango wa nyumbani kwake mwenyewe ukafungwa kwa kamba. Si mnawajua mafundi? Lakini kitu kimoja alikifanya kwa ajili yake, tena kabla hajaoa: kitanda cha mvule. Hakikuwa na msumari hata mmoja. Kilikuwa na matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, na katika kila pembe kabari ya mti iliyozama ndani ya mti mwenzake hata jicho lisiione.

Kitanda kile kilifunguliwa na watu wawili. Mmoja anasukuma kabari kwa kidole gumba, mwingine anavuta mfumbati, kwa wakati mmoja. Ukiwa peke yako utasukuma mpaka kucha zing'oke. Siku za ujana wao walihama sana, na kila walipohama Shekue alisukuma na Mwantumu alivuta. Kitanda kikilegea, Shekue alisema, "Umeona? Nimekitengeneza hivi ili usiweze kunikimbia nacho." Mwantumu alicheka kila mara, ingawa maneno yalikuwa yaleyale.

Kisha wakapanga nyumba ya Barabara ya Kumi na Nne, wakamzaa Salha, wakamzaa Yahya, na kitanda hakikufunguliwa tena. Watoto wakakijua kikiwa kimesimama tu. Mambo ya chumbani kwa baba na mama, nani angewaeleza?

Mzee Shekue akafa. Alifia juu ya kitanda kile, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Bi Mwantumu akakaa eda.

Eda haijafika nusu, mwenye nyumba akaleta habari kwamba anavunja, anataka kujenga ghorofa. Jamani, hata kilio hakijapoa! Walimwomba, akawaongezea siku chache, basi. Shehe akasema dharura ni dharura, mjane anaweza kuhama, aende kwa binti yake Salha amalizie eda huko. Lakini Salha alikaa chumba kimoja na mumewe na wanawe, na mama angewekewa godoro pembeni nyuma ya pazia. Vitu viende wapi?

Yahya akasema, "Mama, nina kiwanja changu Pongwe. Eda ikiisha nitakuwa nimekupandishia chumba. Kwa sasa tukodi stoo."

Stoo za kukodi zilikuwepo karibu na reli, safu ya vyumba vyenye milango ya bati. Vingine vidogo kama choo, vingine vya kadiri, vingine lori linaingia likageuka. Ni wewe na mzigo wako, chagua.

Bi Mwantumu akasema, "Vitu vingine mkitaka kuvigawa, gaweni. Kitanda nakitaka. Nililala juu yake nikiwa bi harusi, na juu yake nataka nife. Na sanduku la kazi la baba yenu lisifunguliwe mpaka nimalize eda. Nitalifungua mwenyewe."

Wakasema, "Tumesikia, mama."

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibiwa na watu wema watupu.

Akaja Mhina, mdogo wake marehemu, kupima vitu ili wajue wakodi chumba cha ukubwa gani. Mhina ni mtu mrefu, kila mlango anaupita ameinama. Futi ya kupimia ilikuwa ndani ya sanduku la marehemu, na sanduku limekatazwa. Basi akapima kwa mikono kama wazee wetu, pima ya mikono miwili iliyonyooshwa, na dhiraa na shibiri. Na kwa kuwa Mhina ni shemeji, na mjane yumo edani, Bi Mwantumu alitoka chumbani akaenda kukaa uani nyuma ya pazia. Ndipo Mhina akaingia.

Bi Mwantumu akamsikia anahesabu. Kabati. Meza. Viti. Kisha akamsikia anapima kitanda, urefu, upana, mpaka kimo. Bi Mwantumu akashtuka. Mbona anakipima kizima? Kitanda hiki kikifunguliwa ni mbao tu, unaziegemeza ukutani, zinakaa. Akafungua kinywa. Akakifunga. Angesema nini? Amweleze shemeji yake, akiwa edani, habari za kitanda alicholala na mumewe, nani alisukuma na nani alivuta? Na lilikuwepo jingine, hilo alilijua peke yake. Hakutaka kitanda kifunguliwe. Msukumaji hayupo. Kikifunguliwa leo na mikono mingine, basi ndiyo kweli, Shekue amekufa. Akanyamaza, akajiambia wanaume wataona wenyewe.

Mhina akatoka, akamwambia Salha, "Chumba cha pima tatu kwa mbili kinatosha. Kila kitu kitaingia."

Salha akaenda stoo. Akarudi anafuta jasho, amefurahi: amepata chumba, pima tatu kwa mbili barabara, amekipima kwa mikono yake mwenyewe. Mikono yake mwenyewe, mnasikia? Salha kamfuata mama yake. Akitaka kuanika nguo hupanda juu ya ndoo.

Siku ya kuhama ilinyesha mvua ya kung'oa mawe na mizizi. Bi Mwantumu alifunikwa, akatiwa garini, akapelekwa kwa Salha. Hakutazama nyuma. Vitu vikapakiwa baada yake.

Toka siku ile, kila mgongo ulipomuuma kwenye lile godoro la sponji, aliuliza, "Kitanda changu hakikunyeshewa?"

Salha akajibu, "Kikavu, mama."

Akamuuliza Yahya kwenye simu. Yahya akajibu, "Kikavu, mama."

Akampelekea salamu Mhina, na Mhina akazirudisha: "Mwambieni shemeji, kitanda kiko pakavu."

Akamshukuru Mungu. Akaanza hata kupanga moyoni. Chumba cha Pongwe kikiezekwa, atamwita Yahya, amfundishe kuvuta. Yeye atasukuma mahali pa Shekue. Atamwambia na yale maneno ya kukimbiwa, wacheke wote wawili. Yalimpa nguvu, mawazo hayo. Siku nyingine alikula chakula chote kwa sababu hiyo tu.

Eda ikaisha. Akaogeshwa, akavishwa, akafukizwa udi. Kabla hata chai haijapoa akasema, "Nipelekeni kwenye kitanda changu."

Salha akasema, "Pumzika kwanza, mama." Yahya akasema chumba cha Pongwe hakijaezekwa. Mhina, aliyekuja kumpa mkono, akasema jua kali.

"Nimekaa ndani mpaka nimelisahau hilo jua," akasema Bi Mwantumu. "Twendeni."

Wakaenda. Yahya akahangaika na kufuli kana kwamba ufunguo si wake, kisha mlango wa bati ukafunguliwa. Bi Mwantumu akaliona kabati. Akaiona meza, na viti vimebebana juu yake. Akaliona sanduku la mumewe, na kufuli lake limevunjwa. Na nyuma kabisa akakiona kitanda cha mvule kimeegemezwa ukutani, vipande viwili. Mifumbati yote miwili ilikuwa imekatwa katikati kwa msumeno.

Akasogea, akapitisha kiganja pale palipokatwa. Unga wa mbao ulikuwa bado umeshika.

"Nani?" akauliza.

Yahya akapiga magoti. "Mimi, mama. Lakini nisikilize. Chumba kilikuwa kidogo. Kitanda tulikigeuza hivi, tukakigeuza vile, kikagoma. Vyumba vikubwa vyote vilikuwa vimeshachukuliwa na mtu wa magodoro. Mvua inapiga, mwenye lori anapiga honi. Ningekiacha nje kingeoza, kisingeoza kingeibwa. Ulisema kitanda unakitaka. Nikaona afadhali nikupe kilichokatwa kuliko nisikupe kabisa. Nikalivunja sanduku la baba. Futi ilikuwa juu ya msumeno, mama. Niliitoa nikaiweka pembeni. Na msumeno aliunoa baba mwenyewe, haukuchukua muda." Akajifuta pua kwa mkono. "Mimi nimekata, sikatai. Lakini kama chumba kingetosha ningekata nini? Aliyechagua chumba ni dada."

"Ala!" Salha akadakia. "Niliambiwa pima tatu kwa mbili, nikapima tatu kwa mbili, ukutani, mbele ya msimamizi. Akaniambia, 'Dada, chukua kikubwa, watu huja hapa na macho madogo na mizigo mikubwa.' Nikaona huyu ni mtu wa biashara, anatafuta cha kwake. Nimsikilize yeye au nimsikilize baba mdogo? Mikono yangu aliifupisha Mungu. Aliyepima nyumbani ndiye angekwenda kupima na stoo. Na siku ile, tumesimama kwenye mvua, nilisema tumpigie mama tumuulize. Nilisema, sikusema, Yahya?"

"Ulisema," Yahya akajibu.

"Ukanijibuje?"

Yahya akainamisha kichwa. "Nilisema, mwache mama amlilie mumewe. Mambo ya mizigo tuyamalize sisi."

Mhina naye akakohoa. "Shemeji, mimi sikupima uongo. Kwa mikono yangu ni pima tatu kwa mbili, hata leo nipeni ukuta niwaonyeshe. Futi mlinikataza. Kitanda nilikipima kama nilivyokikuta. Nilinyanyua godoro nikatafuta msumari, sikuuona, nikasema basi kimeumbwa hivi. Nilitaka kukuuliza kama kinafunguka. Wallahi, nilitaka. Nilikuja mpaka kwenye pazia. Nikaona haya kumuuliza mjane wa kaka yangu habari za kitanda chake."

Bi Mwantumu akakirudia kitanda. Alichutama kwenye pembe ya kipande kimoja, akapapasa mti kwa kidole gumba mpaka akapata anapopataka.

"Yahya, njoo ushike hapa. Nikisema vuta, vuta."

Yahya akashika.

"Vuta."

Kabari ikalia kidogo, ikatoka. Tendegu likaachana na mfumbati bila ubishi, na Yahya akabaki amesimama na kipande cha mbao mikononi. Salha akajifunika uso kwa mtandio. Mhina akatafuta kiti akakaa.

"Kinafunguka," akasema Yahya. Sauti ilikuwa ya mtoto. "Mama, kumbe kinafunguka."

"Kinafunguka."

"Mbona hukutuambia?"

Bi Mwantumu akakaa pale pale chini, kwenye sakafu ya watu, kabari ameifumbata kiganjani. Akasema, "Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia shemeji anakipima kizima, nikajua anakosea. Nikaona haya, kama yeye alivyoona haya. Hayo ni ya kuwaambia watu. Ya kweli ni kwamba sikutaka mtu akifungue. Nilitaka kibaki alivyokiacha."

Hapo ndipo alipolia. Siku ya mazishi hakulia vile. Alilia mpaka yule msimamizi wa stoo akatoka kuchungulia, akarudi ndani.

Yahya akamshika miguu. "Mama, tupe radhi."

Salha akapiga magoti upande wa pili. "Tupe radhi, mama."

Mhina, mtu mzima na mvi zake, akasema, "Na mimi pia, shemeji. Niwie radhi."

"Nimewapa," akasema Bi Mwantumu. "Nyote. Sina kinyongo na mtu. Lakini mimi, radhi yangu nikaiombe kwa nani? Mwenyewe yuko makaburini."

Walifunga mlango wa bati, wakarudi nyumbani.

Basi, ninachokijua kimeishia hapo. Chumba cha Pongwe kimeezekwa, na Bi Mwantumu amehamia. Mafundi wawili wamekuja na gundi na vyuma, wanasema wataunga, amewafukuza. Analala kwenye mkeka, na kabari ameiweka chini ya mto.

Mimi sina hukumu, msinikodolee macho. Na wewe mwenye karanga, usiniambie Yahya. Yahya alishika msumeno, hilo hata mtoto anyonyaye analijua, sikukuita hapa uniambie hilo. Yupo aliyepima kwa mikono mirefu akaona haya kuuliza. Yupo aliyechagua kwa mikono mifupi akakataa kuonywa. Yupo aliyemhurumia mama yake hata asimpigie simu. Na yupo aliyejua, akanyamaza kwa mapenzi. Nendeni nyumbani, laleni kwenye vitanda vyenu, na kabla usingizi haujawachukua mnijibu: je, kitanda cha Mzee Shekue, nani hasa aliyekikata?