Mkeka wa Bwana

Inasimuliwa, nasi tumepokea kwa watu wasiopenda kutia chumvi, kwamba katika siku za Wakristo wa kwanza wa nchi ya Unyamwezi alikuwapo mwalimu wa dini aitwaye Zefania, mja mwema, mwingi wa saumu na mchache wa tabasamu. Kila mwaka ulipowadia msimu wa Majilio, yaani zile Jumapili nne za kungojea Krismasi, alisimama mbele ya waumini akawahimiza wafurahi. Aliwahimiza kwa uso uliokunjamana, nao wakaitikia Amina kwa nyuso zilizokunjamana vilevile, kisha kila mtu akarudi kwake kama alivyokuja.

Pembeni mwa kijiji alikaa mwanamke jina lake Nyamizi, ambaye alikuwa bado hajabatizwa. Mumewe, Mihayo, alikuwa mpagazi. Alijitwika pembe za ndovu akafuatana na msafara wa pwani, na sasa ulikuwa mwaka wa sita hajarudi. Wenzake waliorudi walisema wamesikia alifia njiani, ila hakuna hata mmoja aliyesema amemzika. Tangu hapo Nyamizi hakulia wala hakucheka. Kiswahili alikiokota kwa watu wa misafara, na katika Kiswahili chake hicho neno bwana lilikuwa na maana moja tu: mume.

Jumapili ya kwanza ya Majilio alikuwa akipita na mtungi wake nyuma ya kanisa, akamsikia Mwalimu Zefania akinadi, "Bwana anakuja! Tengenezeni nyumba, Bwana anakuja!" Nyamizi akautua mtungi. Akangoja ibada iishe, akamfuata mwalimu mlangoni na kupiga magoti kwa adabu.

"Mwalimu, ni kweli bwana anakuja?"

"Kweli kabisa, mama."

"Watu walisema alikufa."

"Alikufa, wakasema ndiyo basi," akajibu mwalimu, naye alilifurahia sana swali lile. "Lakini yu hai."

"Yu hai! Atafika lini?"

"Siku hatuambiwi. Kazi yetu ni kuwa tayari."

Nyamizi akapiga kigelegele, akaenda mbio, na mtungi akausahau palepale. Mwalimu akamshukuru Mwenyezi Mungu kwa nafsi moja iliyoamka.

Kesho yake watu waliona ajabu. Nyamizi alifagia uwanja wake, akaufagia na ujia wote mpaka barabara ya misafara. Akapaka kuta udongo mweupe. Akaanza kusuka mkeka mpana wenye mapindo mekundu, na huku anaimba. Majirani ambao hawakujua hata meno yake yakoje walishikwa na hamu ya kujua, wakaja mmoja mmoja kuuliza kulikoni.

"Bwana anakuja," akawajibu.

Wakatazamana. Neno hilo walikuwa wakilisema kila mwaka, na hawakujua kama linaweza kusemwa vile. Waliokuja kuchungulia wakabaki kusaidia, huyu akibeba udongo, yule akichambua ukindu. Hata ndugu wawili wasiosemeshana walijikuta kwenye ujia mmoja, kila mtu na ufagio wake, na mwishowe ikabidi wapishane kwa salamu. Loida, mke wa mwalimu, alirudi nyumbani na udongo mpaka viwikoni, anacheka peke yake.

Mwalimu Zefania akajiuliza, huyu mama hajabatizwa, ana nini nisicho nacho mimi? Hamu hiyo ikampeleka kwake alasiri moja. Akamkuta anapima mkeka kwa mikono.

"Mihayo ni mrefu," Nyamizi akamwambia huku akicheka. "Nisipoongeza hapa, visigino vyake vitalala mavumbini."

Mwalimu akaelewa. Alirudi kwake bila kuaga.

Hapo ndipo mtihani wake ulipokuwa. Akinyamaza, furaha itaendelea, na kijiji kile hakikuwahi kuona Majilio kama yale. Loida alimsihi, "Ukimwambia utamuua, baba."

"Nisipomwambia, nitakuwa nimemhubiria uongo."

Akaenda, akaketi chini mbele ya Nyamizi. "Mama, Bwana niliyemtangaza ni Bwana Yesu. Habari za mumeo sinazo. Uliniuliza, nami nikakujibu bila kukusikiliza. Nisamehe."

Nyamizi akaukunja ule mkeka. Kisha akasema, "Toka kwangu," akafunga mlango.

Siku nne hakuonekana. Fagio zikarudishwa ndani na nyimbo zikakoma. Mwalimu alihuzunika kupita kiasi, na maneno ya sala yakamkauka kinywani. Kwa kuwa hakujua la kusema, kila asubuhi alikwenda kufagia uwanja wa Nyamizi kisha akaondoka.

Asubuhi ya tano mlango ukafunguliwa.

"Mwalimu, hufagii, unatimua vumbi tu," Nyamizi akasema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Huyo Bwana wenu aliondoka lini?"

"Zamani sana. Hata babu zetu walikuwa hawajazaliwa."

"Na bado mnamngoja?"

"Bado."

"Mbona hamfanani na watu wanaomngoja mtu?"

Mwalimu akaulaza ufagio chini.

"Alipokuja mara ya kwanza, alilazwa wapi?"

"Horini, mama, wanapolishiwa ng'ombe. Hawakumpa nafasi."

Nyamizi akaingia ndani, akatoka na ule mkeka begani. "Basi mara hii asikose pa kulala."

Jumapili ya tatu aliutandika kanisani, mbele ya watu wote. Aliutandika akilia kwa ajili ya Mihayo, na alipokwisha kuunyoosha mapindo akatabasamu. Mwalimu Zefania alisimama ahubiri habari za furaha, akashindwa. Alicheka huku machozi yakimtoka, na watu wakaona kwa mara ya kwanza kwamba ana pengo. Krismasi ilipofika, wapagazi wawili wenye homa walilazwa juu ya mkeka ule, na Nyamizi ndiye aliyewapelekea uji. Tangu hapo haukukosa mgeni.

Ndugu zangu, midomo yetu hutangaza ujio wa Bwana kila mwaka, na nyua zetu hazina habari. Furaha ya kungoja huonekana kwa mikono kwanza, na mikono hiyo ikianza kazi majirani huja wenyewe kuuliza.

Mimi kisa hiki nilikipata kwa shangazi yangu, alipokuja kututembelea siku za Majilio, na nilishindwa kujizuia. "Na Mihayo, shangazi? Alirudi?"

Akanitazama, akautazama na uwanja wangu.

"Wewe umeshafagia?"