Mtemi Aliyekataa Kutoa Nusu Yake

Hii wasomee wazazi wenye tabia ya kusema, "Huyu mtoto hakufanana na mimi."

Mtemi Kasanda alikuwa na binti mmoja tu, Nyamizi, na hakumpenda. Msichana alikuwa na pua ya baba na ukaidi wa mama. Kila Mtemi alipomtazama alimwona mkewe ndani ya sura yake mwenyewe, na roho ilimuuma. Alitaka mrithi aliye yeye mtupu.

Akamwita mganga.

"Mwili hugawanyika kwa njia mbili, Mtemi," mganga akasema. "Ya kwanza ndiyo inayofunga kidonda: kitu kimoja hutoa viwili vilivyo sawasawa. Ya pili ni ya kuzaa. Unatoa nusu yako, mwenzio nusu yake, na anayekuja hajawahi kuwapo."

"Nusu sitoi. Nipe ya kwanza."

Mganga alimwonya kwamba ile ni ya kuponya, si ya kurithisha. Wapi! Basi akabandua gamba la kidonda mkononi mwa Mtemi, akalifukia ndani ya chungu.

Mvua zilipokatika, chungu kilipasuka. Akatoka mtu mzima mwenye sauti ya Mtemi na kovu la Mtemi. Kesho yake huyo naye akagawanyika, na wale wawili wakagawanyika tena.

Mtemi alifurahi mpaka wakati wa chakula. Katika nchi ile, anayemega tonge la kwanza ndiye Mtemi. Mikono yote ilifika kwenye sinia kwa pamoja, na hakuna uliorudi nyuma.

Kasanda akawaza: lazima abaki mmoja. Akainua macho. Wote walikuwa wakimtazama vilevile, na mkono wa kila mmoja ulikuwa umeshika kisu kiunoni, kama wake. Hofu ikamwingia. Kila hila aliyoifikiri, wenzake walikwisha kuifikiri.

Nyamizi alikuwa amesimama kando na birika la kunawia. Katika baraza zima, ni yeye tu ambaye Kasanda hakujua atafanya nini.

Msichana akaweka birika chini, akaketi, akamega tonge la kwanza, akala.

"Sasa Mtemi ni mimi," akasema. "Kuleni, baba zangu."

Kasanda akahisi mkono wake unaachia kisu. Na kwa kuwa wake uliachia, yote iliachia.

Mpaka leo Nyamizi hajui ni yupi aliyemzaa.

Funzo: Seli za mwili hujigawa sawasawa ili tukue na tupone, hiyo ni mitosisi. Za uzazi hutokana na mgawanyiko unaoacha nusu tu ya urithi, ili azaliwe mtu mpya. Hiyo ni meiosisi. Usimchukie mwanao kwa nusu isiyo yako, huenda ndiyo itakayokuokoa.