Kifaranga wa Kumi na Moja

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani, Mama Kanga alikuwa na vifaranga kumi na mmoja. Walitembea kwa desturi ya ndege wa nyika ile. Mama katikati. Wawili wanamzunguka karibu, hakuna wa tatu. Wanane wanawazunguka hao, hakuna wa tisa. Basi akabaki mmoja, Kitinda, akikimbia nje peke yake, tii-tii-tii!

"Mama, nisogee ndani?"

"Hakuna nafasi, mwanangu. Kimbia!"

Vuuu! Mwewe akashuka. Akamkosa Kitinda, akaondoka na unyoya wa mkia. Mwewe yule alishindwa na kitu kimoja tu: duara la nje lililojaa vifaranga wanane.

Mara akatokea jirani, Mama Kwale, na vifaranga kumi na saba. Wawili, wanane, na nje saba. Pengo moja!

"Shoga," akasema Kwale, "nipe huyo wa nje anizibie pengo."

"Nikupe mwanangu? Umekunywa nini leo?"

"Haya, kaa naye. Mwewe atakuja kukusaidia kulea."

Kanga akatazama juu. Vuuu! Mwewe anarudi! Moyo wa Kanga, du! du! du!

"Kitinda, kwa mama mdogo! Haraka!"

Tii-tii-tii, pu! Kitinda akaziba pengo. Nje kwa Kwale, wanane. Nje kwa Kanga, wanane. Mwewe akatafuta pa kuingilia, wapi! Akaenda zake kula panzi.

"Ahsante, shoga, kwaheri," akasema Kwale. Akapiga hatua, na Kanga hatua. Akapiga mbili, na Kanga mbili.

"Mbona wanifuata?"

"Nifanyeje? Kipande cha moyo wangu kiko kwako."

Kwale akacheka. "Basi sogea, tugusane mbawa." Hawakuachana tena.

Wanangu, chumvi mnayoiramba jikoni ina mambo hayohayo. Imejengwa kwa atomi, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, za aina mbili: sodiamu na klorini. Katikati ya atomi kuna kiini, kama mama. Elektroni hukizunguka, kama vifaranga. Sodiamu ina elektroni moja pweke huko nje. Klorini ina pengo moja. Sodiamu hutoa, klorini hupokea, zikashikamana. Ndiyo chumvi.

Funzo ni hili: kinachokuzidi mpe aliyepungukiwa, nanyi mtaungana.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye chumvi na aonje.