Fisi Awaita Wafanyakazi Wanawe

Enzi zile wanyama walipokuwa wakipanga foleni dukani kama watu, mvua iliisusia nchi nzima. Mito ilikauka ikabaki michanga. Kisima kimoja tu ndicho kilichokuwa na maji, nacho kilikuwa nyuma ya nyumba ya Bwana Fisi, mwenye duka. Kila asubuhi Fisi alimshukuru Mungu kwa ukame huo, kwa moyo safi kabisa.

Dukani aliuza mtama, mihogo mikavu na maji ya vibuyu. Punda alibeba magunia, Nyani alipanga bidhaa kwenye rafu, Sungura alipima nafaka na Bi Kanga alihudumia wateja. Wote walishinda na kiu, kwa kuwa Fisi alipiga marufuku kunywa maji saa za kazi.

"Mfanyakazi akinywa ataenda msalani," alieleza, "na akienda msalani, mteja atahudumiwa na nani?"

Nani angeweza kuijibu hekima kama hiyo?

Siku moja Punda alianguka mbele ya wateja, gunia likiwa mgongoni. Fisi alisikitika mno. Gunia lilikuwa limepasuka.

Kesho yake wafanyakazi waliunda chama, wakamchagua Bi Kanga awe mwenyekiti, wakaketi nje ya mlango. Hawakuvunja kitu, hawakumtukana mtu. Walidai maji ya kunywa kazini na mapumziko ya mchana, basi. Fisi akajaribu kuuza mwenyewe, lakini kila alichokipima alikionja, na kila alichokionja kilikwisha. Kufikia jioni rafu zilikuwa nyeupe, na Fisi alikuwa na hakika kwamba mgomo ndio uliomtia hasara.

Uchungu ulimpata. Alijiona mzazi aliyetelekezwa. Akaenda kwa Simba.

"Mfalme, njoo ukae tu," alimwomba. "Hata usiseme neno. Sharubu zako zinatosha kuwarudisha kazini."

Simba hakuwahi kukataa kiti kilichowekwa mbele ya umati. Alikuja, akaketi, akazichana sharubu zake. Fisi akapanda juu ya kreti.

"Wanangu wapenzi!" alianza, huku akijifuta machozi. Machozi hayakuwa yametoka, lakini alifuta pale ambapo yangepita. "Nasikia mnaniita mwajiri. Neno hilo linanichoma. Mimi ni baba yenu! Hapa hakuna bosi wala mfanyakazi, hapa ni familia. Mmeona wapi watoto wakaunda chama dhidi ya baba yao? Hicho chama kitawagawa, wanangu. Kina nini cha kuwapa? Mimi nyumba yangu ni yenu. Changu ni chenu!"

"Na maji, baba?" aliuliza Punda.

"Maji tutayazungumza mgomo ukiisha, mwanangu."

Sungura akainuka, akapiga goti mbele ya Simba. "Mfalme, umeyasikia maneno ya baba yetu?"

"Nimeyasikia," alinguruma Simba. "Na linalosemwa mbele yangu limesemwa. Mimi si shahidi wa mizaha."

"Basi mgomo hakuna," alisema Sungura. "Watoto hawagomi."

Fisi alicheka kile kicheko chake mpaka akateremka kwenye kreti kwa matako.

Asubuhi alikuta duka halina mtu. Kelele zilitoka nyumbani kwake. Akakimbia. Punda, mkewe na watoto wao walikuwa kisimani, wamezamisha midomo majini. Nyani alijinyoosha kitandani. Bi Kanga alikuwa akivigawia vifaranga vyake mihogo kutoka ghalani, akiviambia, "Kuleni, hapa kwa babu." Sungura alikuwa akitandika mkeka barazani.

Bi Fisi alisimama katikati ya uwanja. "Hawa ni nani?"

"Shikamoo, mama," alisema Sungura kwa adabu. "Kwani baba hakukwambia? Sisi ni wanawe. Alitutangaza jana, mbele ya mfalme."

Bi Fisi alimgeukia mumewe polepole. "Wanao? Kwa mama yupi?"

"Nendeni kazini!" Fisi akawabwekea wafanyakazi.

"Kazini wapi, baba? Umesema hapana mfanyakazi. Mchana tunakula nini?" aliuliza Sungura.

Fisi alimwona Bi Kanga akifungua gunia jingine. Alikimbia hadi kwa Simba, ulimi nje.

"Mfalme, wale si wanangu!"

Simba alisimama. "Kwa hiyo jana uliniweka kitini nisikilize uongo?"

"La hasha, mfalme!"

"Basi ni wanao. Walishe."

"Ni wafanyakazi! Mimi ni mwajiri wao tu!"

"Kayaseme hayo palepale, mbele ya walewale. Nakuja kusikiliza."

Fisi akapanda tena juu ya kreti. Safari hii machozi yalikuwepo. Mbele kabisa alisimama mkewe, mikono kiunoni.

"Nyinyi si wanangu," alinong'ona.

"Sema kwa sauti!" alisema Bi Fisi.

"Si wanangu! Ni wafanyakazi!"

"Na wafanyakazi wana nini, bwana?" aliuliza Bi Kanga.

Fisi akameza mate. "Wana chama."

"Nacho kinadai nini?"

"Maji. Na kupumzika mchana."

"Unakubali?"

Fisi alimtazama Simba, akamtazama mkewe, akaona Simba ana nafuu. "Nakubali."

"Nimesikia," alisema Simba, akaenda zake.

Siku ileile pipa la maji liliwekwa dukani, kando ya mizani. Punda alikunywa wa kwanza, taratibu, na foleni nzima ya wateja ikamngoja amalize. Hakuna aliyelalamika.

Tangu hapo Fisi hajathubutu kumwita mtu yeyote mwanangu. Hata wale aliowazaa mwenyewe huwaita kwa majina yao, na kabla ya kuwaita huangaza macho kwanza, asije akawa karibu Sungura.